Sindano ya Tano

Sufi haina uzito, husema wasioishona.
Njooni kibandani kwangu, Barabara ya Kumi na Nne,
nikichambua gunia la kutoka Muheza,
muone inavyoelea, inavyotua kwenye kope,
inavyoijua njia ya puani kuliko hewa yenyewe.

Siku ile nilipiga chafya kumi na moja mfululizo.
Mteja alikuwa akizihesabu:
mama wa bwana harusi, mito sita, foronya za hariri.
"Ijumaa, fundi Singano. Ijumaa si Jumamosi."

Macho yanawasha, pua kama bomba la mtaa
siku maji yanaporudi.
Nikameza piritoni moja.
Sikuipa hata muda wa kufika tumboni,
nikaongeza ya pili.
Jirani yangu muuza ndala, mwenye huruma isiyo na cheti,
akanipa na kidonge cha mafua:
"Hiki ndicho kiboko yake."
Nikameza na hicho.

Usingizi haukuja kama usingizi.
Ulikuja kama mtu anayekukata kauli.
Uzi ukawa nyuzi mbili,
kidole changu nikakiona kiko mbali, kama cha jirani.
Nilipozinduka, shavu limelala juu ya mto wa sita,
mate yamechora ramani kwenye hariri.

Nikahesabu sindano zangu, za urithi wa baba.
Moja, mbili, tatu, nne.

Nne.

Nikapekua mkeka, nikapekua kikoi, nikapekua ndevu.
Ndipo nikaitazama ile mito, minene, mizuri,
imejipanga kama mabibi wanaojua siri na hawasemi.
Ndani ya mmojawapo imelala sindano ya kushonea magodoro,
inangoja shavu la bibi harusi.
Na mimi ndiye niitwaye Singano!

Usiku kucha nikafumua.
Kila mto uliofunguka ulinisalimu puani:
nafumua, napiga chafya, nafumua.
Piritoni ziko palepale, zinaniangalia.
Sikuzigusa.

Ilikuwa ndani ya mto wa tano.

Asubuhi nikaenda duka la dawa kwa dada Hoza,
ambaye kwa umri ningemzaa.
Hakunicheka. Alitaka kuona vyote nilivyomeza.
Akageuza pakiti ya kidonge cha mafua,
akaweka ukucha kwenye maandishi kama miguu ya sisimizi.
"Soma hapa, baba. Sasa soma kwenye piritoni."
Jina lilelile.
Mtu mmoja, nyumbani Kibwana, kijiweni Kibwe,
nami nimemkaribisha mara tatu
nikidhani ni wageni watatu.

Kisha, mbele ya watu, kwa sauti ya bei ya sabuni,
akaniuliza kama mkojo unatoka vizuri.
Nikatazama dari.
"Sikuulizi kwa umbea. Zipo dawa za mzio
zinazomfungia mzee mkojo."
Nikamjibu. Kwa sauti ndogo, lakini nikamjibu.

Alinipa aina nyingine, isiyolevya sana,
kimoja kwa siku, si zaidi,
"na hata hiki ukijaribu kwanza siku usiyoshika sindano."
Nikauliza, je, nusu yake nimpe mjukuu, naye anawashwa?
Akanitazama mpaka swali likarudi mfukoni lenyewe.
"Mtoto si nusu ya mtu mzima. Mlete."
Nikiwa mlangoni akaniita:
"Midomo ikivimba au pumzi ikikaba,
usije kwangu. Bombo, mbio."

Mito ilifika Jumamosi.
Mama wa bwana harusi hajanisamehe,
nami sijamweleza kilichotokea;
ipo hadithi usiyomsimulia mtu
aliyekwisha kuuweka mto chini ya kichwa cha mkwewe.

Siku hizi nafunga kitambaa puani kabla ya gunia.
Muuza ndala bado ananiletea viboko vyake.
Namwambia, lete, nitafute miwani kwanza.
Na ile sindano ya tano
nimeitunga uzi mwekundu, mrefu,
ambao siukati.